Pauni Tano za Moshi

Anayepika maharage makavu anajua kazi ya magadi. Kipande kidogo chunguni, na punje zilizokuwa zikigoma tangu asubuhi hulainika kabla kuni hazijaisha. Mtengeneza ugoro naye anayajua. Haya ya kwetu hutoka ardhini yenyewe: Ziwa Magadi upande wa Kenya, Ziwa Natron upande wa Tanzania, jua likikausha maji na kuacha ukoko mweupe unaobebeka kwa gunia. Ziwa limeshamaliza kazi yote, wala hakuna jirani aliyekohoa.

Uingereza haikujaliwa ziwa la namna hiyo, na mwanzoni mwa karne ya 19 njaa yake ya magadi ilikuwa haishibi. Sabuni haipatikani bila magadi, kioo hakiyeyuki vizuri bila magadi, na vitambaa vya pamba vya Lancashire vilitaka kuoshwa na kung'arishwa. Kwa muda mrefu walitegemea majivu ya mimea ya pwani ya Hispania na majivu ya mwani wa Uskoti. Kisha Mfaransa mmoja, Nicolas Leblanc, akapata mwaka 1791 hati ya kumiliki ugunduzi wake: kutengeneza magadi kwa chumvi ya kawaida. Mapinduzi ya Ufaransa yalimnyang'anya kiwanda, na mwaka 1806 alijiua akiwa fukara. Waliovuna ni wengine, tena ng'ambo ya bahari.

Njia yenyewe haikuwa ngumu. Chumvi ilimwagiwa asidi ya salfuriki na kupashwa moto, kilichopatikana kikachomwa pamoja na mawe ya chokaa na makaa ya mawe, halafu magadi yakachujwa kwa maji. Tatizo lilikuwa mabaki. Kwa kila tani 8 za magadi zilitoka tani 5.5 za gesi ya asidi ya haidrokloriki, na tani 7 za tope lenye salfa ambalo halikuwa na mnunuzi. Gesi ilipandishwa dohani. Tope lilirundikwa nje ya ukuta wa kiwanda, na mvua ikilinyeshea lilinuka mayai viza. Wenyeji wa Widnes, mmoja wa miji ya viwanda hivyo, walilipa jina lao wenyewe, galligu.

James Muspratt, mzaliwa wa Ireland, alianza kazi hiyo Liverpool mwaka 1823, wakati kodi ya chumvi ilipokuwa ikipunguzwa. Majirani hawakukawia kulalamika: majani yalijikunja na kukauka, vyuma vililiwa na kutu, mapazia yaliyoanikwa yalitoka matundu. Mwaka 1838 mahakama ilimkuta na hatia ya kuwa kero kwa umma. Yeye na wenzake walihamia na kutapakaa St Helens, Newton na Widnes, na jibu lao kwa malalamiko likawa kurefusha dohani. Ile ya kiwanda cha Tennant huko Glasgow, iliyojengwa mwaka 1842, ilifika futi 435. Dohani ndefu haipunguzi sumu hata chembe. Inachagua tu shamba la kwenda kuiangushia.

Mkulima aliyetaka fidia alikuwa na njia moja, kwenda kortini. Ila pale St Helens viwanda vilikuwa vimebanana kiasi kwamba mwenye shamba hakuweza kuthibitisha gesi iliyoua miti yake ilitoka dohani ya nani. Kila mwenye kiwanda alimnyooshea kidole jirani yake, na wakili alidai ada yake vilevile. Kwa hiyo gharama ya uchafuzi ilikuwa inalipwa tangu siku ya kwanza, na waliokuwa wakiilipa ni wasiouza hata kilo moja ya magadi.

Mambo yaligeuka gesi ilipofika kwa mtu mzito. Edward Stanley, Lodi wa 14 wa Derby, alikwisha kuwa waziri mkuu mara mbili, na makao ya ukoo wake, Knowsley, hayako mbali na St Helens. Mwamba ngoma huvutia kwake: mwaka 1862 alisimama katika Bunge la Malodi akaomba kamati teule ichunguze mivuke yenye madhara, akapewa. Kamati iligundua jambo lililowaaibisha wenye viwanda: dawa ya gesi hiyo ilikuwapo tangu mwaka 1836. William Gossage alikuwa amechukua kinu cha upepo kilichoachwa huko Stoke Prior, akakijaza matawi ya vichaka, akatiririsha maji kutoka juu huku gesi ikipanda kutoka chini. Maji yaliimeza gesi karibu yote. Waliokuwa na mnara wa Gossage walikuwapo, lakini kuutumia ipasavyo siku zote, usiku na mchana, hakukuwa na aliyewalazimisha.

Sheria ya Alkali ikapitishwa mwaka 1863 na kuanza kazi mwanzoni mwa 1864. Waingereza waliviita viwanda vya alkali. Sisi tungesema viwanda vya magadi. Amri ilikuwa moja: asilimia 95 ya gesi ya haidrokloriki inaswe isitoke nje. Sheria ilipewa miaka mitano tu ya majaribio, kwa kuwa wengi waliona ni jambo la ajabu serikali kuingiza pua kwenye mali ya mtu. Na ili amri isibaki karatasini, aliteuliwa mkaguzi mmoja na wasaidizi wanne kwa nchi nzima.

Mkaguzi huyo alikuwa Robert Angus Smith, mkemia aliyezaliwa karibu na Glasgow mwaka 1817, akasomea Ujerumani kwa Justus von Liebig, kisha akaishi Manchester akichunguza hewa na mvua ya mji ule. Ndiye aliyetupa maneno "mvua ya asidi", kwenye kitabu alichokitoa mwaka 1872. Hakuwa askari wa kuvizia. Alipoingia kiwandani alikuwa na vyombo vya kunyonya gesi kutoka kwenye mfereji wa moshi na kuipima, halafu alikaa na meneja kumweleza mnara wake unavuja wapi. Taarifa yake ya kwanza ilionyesha kwamba gesi iliyokuwa ikiponyoka imeshuka hadi wastani wa asilimia 1.28. Ni mafanikio ya kushangaza, na mwaka 1868 sheria ikafanywa ya kudumu.

Nani alimlipa Smith? Hazina. Mshahara wake, nauli zake za treni, vioo vyake vya maabara, vyote vilitoka kwenye kodi ya kila mtu, pamoja na yule mkulima aliyeachiwa vishina vikavu. Mwenye kiwanda alijiandikisha, akafungua mlango mkaguzi alipobisha, basi. Tusiwaonee watu wa zama zile: ukaguzi ulionekana kuwa kazi ya dola kama polisi au jeshi, na mwizi halipishwi nauli ya polisi. Zaidi ya hapo, viwanda vyenyewe vilikuwa themanini na ushei tu. Watu watano waliweza kuvizunguka.

Lakini asilimia ni kipimo chenye hila. Kiwanda kikikua mara mbili, kiasi cha gesi kinachoruhusiwa kutoka nacho kinakua mara mbili, na sheria haijavunjwa. Kisha ile asidi iliyonaswa ilipelekwa wapi? Iliyokosa mnunuzi ilimwagwa vijitoni, kama Sankey Brook pale St Helens, ambako ilikutana na galligu na kufufua harufu ya mayai viza kwa nguvu mpya. Sheria ya 1863 ilizungumzia hewa, haikuzungumzia maji. Uchafu ulitolewa mlangoni ukarudi dirishani. Hapakuwa na kosa.

Mwaka 1874 Bunge likaongeza kiwango kingine, kiasi cha asidi katika kila futi ya ujazo ya moshi, pamoja na agizo la kutumia njia bora inayowezekana kwa vitendo. Malalamiko hayakuisha. Tume ya Kifalme chini ya Lodi Aberdare ilikaa kati ya 1876 na 1878 kusikiliza wenye mashamba, waganga na wenye viwanda, na kutokana nayo ikaja Sheria ya 1881. Hii ilipanua wigo: viwanda vya asidi ya salfuriki, vya mbolea za kemikali na vingine vikaingia daftarini. Kwa mara ya kwanza pia kujiandikisha kulikuwa na bei. Cheti kilidumu mwaka mmoja kuanzia tarehe 1 Aprili, nacho kilibandikwa stempu ya serikali: pauni 5 kwa kiwanda cha alkali, pauni 3 kwa kiwanda kingine chochote.

Pauni 5 hizo zinanivutia kuliko dohani zote za Lancashire. Hazikupimwa kwa moshi. Kiwanda kikubwa cha alkali na kidogo kililipa sawa. Hazikupimwa kwa kazi ya mkaguzi. Aliyekaguliwa mara kumi kwa ukaidi wake hakulipa zaidi ya aliyekaguliwa mara mbili. Tena hazikumfikia mkaguzi, kwa sababu stempu ni mapato ya Hazina. Zilikuwa ada ya kukubali kwamba serikali ipo. Na ziliganda. Sheria zilipokusanywa upya kuwa Sheria ya Viwanda vya Alkali ya 1906, stempu ilikuwa bado pauni 5 na pauni 3, miaka 25 baadaye, na sheria hiyo ya 1906 ndiyo iliyobebeshwa kazi kwa sehemu kubwa ya karne ya 20. Ada iliyoandikwa ndani ya sheria yenyewe ina tabia hiyo: kuigusa ni lazima urudi bungeni, na hakuna mbunge aliyepata kura kwa kupandisha ada ya cheti.

Smith alifariki mwaka 1884 na Alfred Fletcher akashika nafasi yake. Wakati huo adui wa kweli wa njia ya Leblanc alikuwa ameshatokea, na hakuwa mkaguzi. Mbelgiji Ernest Solvay alikuwa amepata namna ya kutengeneza magadi kwa kutumia amonia, bila ile gesi ya asidi na bila galligu. John Brunner na Ludwig Mond waliileta Winnington, Cheshire, mwaka 1873. Mwaka 1890 wenye viwanda vya Leblanc walijikusanya kuwa kampuni moja, United Alkali, wakajikongoja hadi njia yao ikafa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza. Brunner Mond kwa upande wao walitazama mbali zaidi, na mwaka 1924 waliinunua Magadi Soda Company, ile iliyoanzishwa mwaka 1911 kuchota ukoko wa Ziwa Magadi. Miaka miwili baadaye Brunner Mond, United Alkali na wengine wawili wakaungana kuwa kampuni moja ya kemikali, ICI. Hivyo watu walioungua macho Widnes na ziwa la Wamasai wakajikuta kwenye vitabu vya hesabu vya bwana mmoja.

Idara ya ukaguzi iliendelea kimyakimya. Ukungu mkubwa wa London wa Desemba 1952, ambao makadirio ya wakati ule yalihesabu vifo 4,000, ulitoka zaidi kwenye meko ya majumbani na makaa ya kawaida, na Sheria ya Hewa Safi ya 1956 ikashughulikia hayo. Wakaguzi wa alkali walibaki na viwanda vyao, wachache, wataalamu, wapole. Mashtaka yalikuwa haba mno. Mwaka 1974 mtafiti Maurice Frankel alichapisha uchunguzi uliowashutumu kwamba wamekuwa karibu mno na wanaowakagua, na kwamba wananchi hawaambiwi kinachotoka kwenye madohani ya mtaani kwao. Kinachonishangaza ni kwamba ukaribu huo ulikua miaka yote ambayo mwenye kiwanda hakumlipa mkaguzi chochote cha maana. Siku hizi tukisikia ada inapandishwa, hofu ya kwanza ni kwamba anayelipa atammiliki mlinzi. Idara hii ilizoeana na viwanda bila kulipwa navyo.

Fikra nyingine ilikuwa ikiingia. Mwaka 1972 nchi wanachama wa OECD, jumuiya ya nchi zenye viwanda, zilikubaliana juu ya kanuni ya mchafuzi kulipa, kanuni ambayo baadaye ilisafiri hadi kwetu na kuandikwa katika Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya 2004. Mwaka 1976 Tume ya Kifalme ya Uchafuzi wa Mazingira ilishauri Uingereza iache kukagua hewa huku na maji kule, ila kiwanda kizima kwa pamoja. Ndilo somo la Sankey Brook, zaidi ya miaka mia baadaye. Ilichukua miaka 11 kuunda idara moja ya kukagua uchafuzi wote, HMIP, Aprili 1987. Idara ilizaliwa na upungufu wa watu. Wataalamu iliowataka walikuwa wakilipwa vizuri zaidi na viwanda vyenyewe, na Hazina ya wakati wa Margaret Thatcher haikuwa na haraka ya kuongeza mishahara ya watumishi wa umma.

Njia ikapatikana katika Sheria ya Kulinda Mazingira ya 1990. Kifungu cha 8 kilimpa waziri madaraka ya kupanga ada kwa mpango unaoweza kurekebishwa bila kurudi bungeni kuandika sheria upya, na kikamwekea sharti: ada zote zikijumlishwa zitosheleze gharama za ukaguzi. Tarehe ilikuwa ileile ya tangu 1881, kwani mfumo mpya ulianza 1 Aprili 1991, vituo vikubwa vya kuchoma makaa vikitangulia na viwanda vya kemikali vikifuata kwa zamu. Sasa kulikuwa na ada ya maombi, ada ya kila mwaka ya kuendelea kuwa na kibali, na ada ya kubadilisha kibali. Kiwanda kiligawanywa katika vipengele, kila kipengele kikalipiwa. Mtambo wenye tanuri moja ulilipa kidogo. Mji mzima wa mabomba ulilipa mara nyingi zaidi. Viwanda vidogo vilibaki kwa halmashauri, navyo vikapewa ada zao.

Wenye viwanda walinung'unika, na sehemu ya manung'uniko yao ilikuwa ya haki. Ukimwambia mtu alipe gharama zote za kumkagua, ataanza kuuliza gharama hizo zimefikaje hapo, kwa nini jibu la barua limechukua miezi, na kwa nini yeye mwenye nidhamu alipe sawa na mwenzake asiyejali. HMIP ilianza kwa kukaa mbali na waombaji, kila kitu kwa maandishi, labda kwa kuikumbuka lawama ya mwaka 1974. Maombi ya mwanzo yalikuja na mapengo mengi kiasi kwamba ilibidi warudi mezani kuzungumza, kama Smith na mameneja wake.

Mwaka 1996 HMIP iliunganishwa na mamlaka ya mito na wasimamizi wa taka kuwa Wakala wa Mazingira. Katika miaka ya 2000 ada zikaanza kufuata hatari: kiwanda kilipewa alama kwa ukubwa wa mtambo, mahali ulipo, kinachotoka na rekodi ya mwendeshaji, na mwenye alama mbaya akalipa zaidi. Hatimaye pauni 5 za wote zilikuwa zimezikwa.

Ila ada ya kibali humfuata mwenye kibali. Anayetupa taka usiku kwenye shamba la mtu hana kibali, hivyo hana ada. Mfugaji wa kuku zaidi ya 40,000 anahitaji kibali na analipa. Mwenye ng'ombe wa maziwa ambao samadi yao inashuka mtoni hahitaji. Kuwasaka wote hao kulitegemea ruzuku ya serikali, na baada ya 2010 ruzuku ya Wakala kwa kazi ya kulinda mazingira ilipunguzwa kutoka takriban pauni milioni 120 kwa mwaka hadi karibu milioni 40 mwanzoni mwa muongo uliofuata. Makampuni ya maji taka yaliachiwa kujipima yenyewe. Mojawapo, Southern Water, lilikiri kumwaga maji taka mara 6,971 kinyume cha sheria kati ya 2010 na 2015, na Julai 2021 lilitozwa faini ya pauni milioni 90. Fedha zile zote zilikwenda Hazina, kama stempu ya 1881. Wakaguzi waliofanya uchunguzi huo kwa miaka hawakupata humo hata nauli ya kwenda kwenye kesi inayofuata.

Mwaka 2023 mifereji ya dharura ya England ilimwaga maji taka mitoni na baharini kwa jumla ya saa milioni 3.6, na mambo ya mabomba yakaingia kwenye kampeni za uchaguzi. Sheria ya Maji iliyoidhinishwa Februari 2025 ilifungua mlango uliokuwa umefungwa: Wakala unaweza kuyatoza makampuni ya maji gharama za kazi yenyewe ya kuyachunguza na kuyachukulia hatua, zaidi ya ada za vibali.

Pale Widnes, mahali paitwapo Spike Island, palipokuwa na viwanda vya alkali, leo kuna nyasi, mfereji wa maji na watu wanaotembeza mbwa. Kati ya miaka ya 1970 na 1980 halmashauri zilisawazisha galligu, zikaifunika udongo na kupanda miti, kwa fedha za umma. Tarehe 27 Mei 1990, miezi mitano kabla Sheria ya Kulinda Mazingira haijatiwa saini, vijana wapatao 30,000 walikusanyika hapo kuisikiliza bendi ya Stone Roses. Walicheza usiku ule juu ya tope la karne nzima. Walioliacha hapo walikwisha lipia cheti chao, pauni 5 kwa mwaka.